Daktari kuacha wodi nikasomee chaneli za ioni, nina miaka 29, nimechelewa?

Dokta Njiapanda:
Wakuu habari za saizi. Mi ni daktari, intern nilimaliza mwaka jana, sasaivi niko hospitali moja ya wilaya. Tangu fizioloji ya mwaka wa kwanza hizi chaneli za ioni, yaani vile vijia vya protini kwenye utando wa seli vinavyopitisha ioni (atomi zenye chaji kama sodiamu na potasiamu), hazijanitoka kichwani, kila nikimwandikia mgonjwa wa presha amlodipini najua hapa naziba chaneli za kalsiamu, nikichoma ganzi ya lignokeini najua nafunga za sodiamu, halafu naishia hapohapo maana foleni iko mlangoni. Nataka niingie utafiti kabisa. Nyumbani wananiona nimechanganyikiwa, mama anauliza tumekusomesha udaktari ili ukacheze na vichupa? Kuna mtu alishafanya hivi akafika popote au najidanganya?

Mpita Njia:
Naweka kambi hapa, nasubiri wajuzi.

Bwana Potasiamu:
Yupo dokta, tena jina langu humu limetokana naye. Roderick MacKinnon, Mmarekani wa Massachusetts. Digrii ya kwanza alisoma Brandeis, pale akafanya kazi kwa Chris Miller, mtu wa chaneli za ioni. Akaenda zake kusoma udaktari Tufts, akamaliza 1982, akafanya wodi Boston, halafu akikaribia miaka 30 akarudi kwa Miller kuanza upya. PhD hakuwahi kusoma. Alianza na sumu ya nge, maana ile sumu inaenda kuziba mdomo wa chaneli ya potasiamu, kwahiyo ukijua sumu imeshika wapi umejua na mlango uko wapi. Ujanja mtupu.

Sasa utamu uko hapa. Sodiamu ni mdogo kuliko potasiamu lakini chaneli ya potasiamu inampitisha mkubwa na kumzuia mdogo, yaani kama mlinzi wa geti anayemruhusu bonge na kumrudisha mwembamba, tena inapitisha ioni karibu milioni 100 kwa sekunde. Inawezekanaje? Jamaa akaona bila kuiona ile protini atomi kwa atomi atabaki anakisia tu, basi 1996 akahama Harvard akaenda Rockefeller, New York, akaanza kujifunza kupiga kristali eksirei akiwa na miaka 40, yaani unaigeuza protini iwe kristali, unaipiga eksirei, ndo unajua atomi zake zimekaaje. Watu walimwona anaua kazi yake mwenyewe, protini za kwenye utando wa seli zilikuwa hazikubali kugeuka kristali kirahisi. Mkewe Alice, mkemia, akaingia naye maabara. Wakatumia chaneli ya bakteria, KcsA, na 1998 picha ikatoka. Kumbe ioni ikiwa kwenye maji imezungukwa na molekuli za maji, ili ipite lazima iyavue, na ndani ya ile njia kuna oksijeni zimepangwa kwa kipimo cha potasiamu, akivua maji anazikuta zinamshika vilevile kama maji yalivyomshika. Sodiamu kwa udogo wake hazifikii zote vizuri, bora abaki na maji yake nje. 2003 akapewa Nobel ya kemia pamoja na Peter Agre, ambaye naye ni daktari.

Kichwa Ngumu:
Mkuu umeandika vizuri ila huyo alikuwa Boston, ana mwalimu wa kumrudia na mashine za eksirei anapata. Huyu wetu yuko wilayani, hata EKG, kipimo cha umeme wa moyo, inategemea kama karatasi zipo. Dokta usiache mshahara kwa stori ya mtu mmoja, walioacha wodi wakapotea hakuna anayewaandika.

Mama wa Maabara:
Kichwa Ngumu ana hoja na mi nimo kwenye hizi kazi, pesa ya utafiti inakuja kwa msimu. Ila dokta mbona unafikiria kristali moja kwa moja? Anza na unachokishika. Dawa za malaria kama kwinini na halofantrini zinagusa chaneli ya potasiamu ya moyo, QT inarefuka, yaani ule muda kwenye EKG ambao moyo unatumia kupiga na kujichaji upya, hilo ni swali la chaneli na wewe ndo unayekaa na wagonjwa wenyewe. Na usidhani huku hakuna kitu, pale Kilifi, Kenya, watu wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome walikuwemo kwenye utafiti wa 2020 uliohusu damu ya aina ya Dantu, utando wa seli nyekundu umekaza zaidi hadi kimelea cha malaria kinashindwa kupenya. Sio chaneli, najua, ila kama utando wa seli ndo unakunyima usingizi basi kuna watu wa kuwabishia hodi. Tafuta masta ukiwa bado kazini, na huyo msimamizi mchague kwa makini kuliko chuo. MacKinnon alirudi kwa mtu aliyekuwa anamjua.

Dokta Njiapanda:
Dah asanteni, hasa Mama wa Maabara. Hilo la QT tuna wagonjwa wa kwinini ya mshipa hapa kila wiki na sijawahi kukaa nikawaza hivyo. Naomba nikufuate inbox nikuulize habari za kibali cha maadili ya utafiti, kwa mtu wa wilayani anaanzia wapi?

Mama wa Maabara:
Njoo, ila njoo na swali limeandikwa, ukurasa mmoja tu.