Mjadala: Nyumba za udongo za Tucson zinahifadhiwa kwa ajili ya nani?

Wakuu, heshima kwenu. Nina mwaka wa tatu hapa Tucson, Arizona, na kila nikikatiza mtaa wa kale wa Barrio Viejo kwenda kazini swali hilo hunirudia.

Kwa wasiopajua: ni nyumba zilizoungana kuta mtaa mzima, za karne ya 19, ujenzi wa Kimexico wa jimbo la Sonora. Matofali mabichi ya udongo na majani, adobe wanayaita. Hakuna baraza wala bustani mbele. Ukifungua mlango uko barabarani, maisha yote yako uani. Kuta ni nene karibu nusu mita, na Juni joto likipita nyuzi 40 ndani bado kunakalika. Mimi ninayepanga flati ya mbao, AC ikizima saa moja tu tunatoka nje.

Reli ilipofika 1880 ikaleta mbao na matofali ya kuchoma, na udongo ukaanza kuonekana wa kimaskini. Dharau hiyo ilizaa la 1966: wapiga kura wakaidhinisha mradi wa "kuufufua" mji, ekari kama 80 zikavunjwa. Waliohamishwa wengi walikuwa Wamarekani wa asili ya Kimexico. Ukumbi wa mikutano uliojengwa pale ulifunguliwa 1971.

Leo masalia yanagombewa. Bei imepaa, wajukuu wa waliojenga hawaigusi. Kuna nafuu ya kodi kwa nyumba za kihistoria, lakini inamfuata mwenye hati anayekaa humo. Mpangaji hana chake. Nasema nafuu ya umma iende na masharti ya kumbakiza mpangaji. Nipingeni.

Fundi Chokaa: Mkuu, ukuta haujui siasa. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unaopanda kutoka chini unakosa pa kutokea. Mguu wa ukuta unalika ndani huku nje unaona safi kabisa. Dawa ni kubandua saruji na kurudishia lipu ya udongo au chokaa, tena unarudia kila inapochakaa. Hao matajiri wanaozinunua ndio wanaolipia. Wakimbize, halafu mvua za Julai zimalizie kazi ya 1966.

Mama Ua: Fundi, nimefanya usafi kwenye nyumba mojawapo. Wenyewe huja wiki mbili kwa mwaka. Bibi jirani alinisimulia kuwa utotoni kwake familia nzima ilikanda udongo kabla ya mvua, watoto wakipaka chini, wakubwa juu. Fundi wa kulipwa hakuwepo. Unachokiita gharama kilikuwa kazi ya Jumamosi.

Fundi Chokaa: Dada, hiyo Jumamosi leo watu wako kazini.

Mwanzisha mada: Hapo Fundi kanikamata kidogo, lakini sijasema tajiri akimbizwe. Basi tusaidie: ukuta wa mbele wa mita 10, kubandua saruji na kupiga chokaa, ni siku ngapi na mafundi wangapi? Weka hapa, tuilinganishe na hiyo nafuu ya kodi.