Naomba shauri: mawe nyeusi mu salo ao krepi nyeupe?

Ba ndugu na ba dada munisaidie, tuko tunamalizia nyumba huku Himbi, Goma, na bibi yangu hatusikilizane kabisa juu ya salo, chumba ya kupokelea bageni. Mi napenda ukuta moja ibakie mawe ya volkano vile iko, bila krepi (ile simenti ya kupakaa ukuta), tupige tu verni, juu ni mawe ya kwetu, ile lava ya 2002 ilipita katikati ya muji na tukajenga juu yake, naipenda sana. Yeye anasema mawe nyeusi ni ya klotire, ukuta ya kuzunguka kiwanja, haikaribishe mugeni, anataka nyeupe yote, karo (vigae) za kung'aa na plafo (dari) ya jipsi yenye mataa pembeni. Kwa vumbi ana haki, ile mawe iko na vitundu vidogo vidogo, ukipanguza na kitambaa nyuzi zinabakia mule. Lakini plafo ya jipsi naogopa, 2021 kisha volkano Nyiragongo kulipuka udongo ulitetemeka siku na siku, kuta zikapasuka, na batoto ndio balala chini yake. Kwa plafo mi naona lambri, vile vibao vyembamba vya mbao, ni nyepesi.

Mwenye alishapiga verni kwa mawe, vumbi inatoka muzuri? Na mwenye iko na jipsi hapa Goma, imesimama?