Kushona joho fupi la sufu nyumbani kutokana na blanketi la mtumba

Uzi Mweupe (Njombe)

Ndugu washonaji, salaam. Baridi ya Juni imenikuta na blanketi zito la mtumba lenye upana wa sentimita 150 na urefu wa sentimita 200, nami ningependa kulishona joho fupi lisilo na mikono, lenye kufunguka mbele na kushuka sentimita 70 kutoka shingoni. Shingo yangu ina mzunguko wa sentimita 38. Nilipojaribu kipande cha pembeni kwa cherehani yangu ya miguu, tabaka la chini lilitangulia, la juu likabaki nyuma kwa upana wa kidole, na mshono wote ukajikunyata. Je, tatizo ni sindano, uzi au mkono wangu? Vilevile naomba kueleweshwa namna ya kuchora shingo, iwapo bitana ni ya lazima, na jinsi ya kuthibitisha kwamba hii ni sufu kweli, kwa kuwa muuzaji aliapa tu.

Chaki na Rula (Lushoto)

Dada, tuanze na kiapo cha muuzaji. Chomoa nyuzi mbili tatu, zishike kwa koleo juu ya sahani, uziwashe kwa kiberiti. Sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na huacha majivu meusi yanayosagika vidoleni. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha kishanga kigumu.

Mkono wako hauna kosa. Mguu wa cherehani hukandamiza kitambaa kinene, huku meno yaliyo chini yakivuta tabaka la chini peke yake. Legeza skrubu ya mkandamizo, weka sindano namba 16, refusha hatua ya mshono hadi milimita 3 na nusu, kisha upige bandi, yaani mshono wa muda wa kushikilia, kwa mkono kabla ya kushona. Wengi huiruka bandi wakidhani pini zinatosha, lakini kwenye blanketi pini hukipinda kitambaa zaidi ya kukishika.

Kuhusu shingo, nusu duara itakufaa, ila usigawanye 38 moja kwa moja. Ongeza 4 za kupumulia upate 42, kisha uongeze 6 nyingine, kwa sababu nusu duara tupu haikai begani mpaka itiwe dati, yaani mkunjo unaoshonwa ili nguo ifuate mwili, moja kila upande, na kila dati itakula sentimita 3 za shingo. Hapo una 48. Gawanya kwa 3.14 upate takribani 15.3, na huo ndio umbali kutoka kitovu cha duara hadi mstari wa shingo. Ukiongeza urefu wa 70, upindo wa 3 na kama 5 za kupishanisha vifungo mbele, kipande cha 180 kwa 95 kitatosha, na kitakachobaki kitakupa kola. Mkasi upite sentimita 1 na nusu ndani ya mstari wa shingo, kwa upande wa kitovu. Shingo iliyokatwa kubwa hairudi.

Kabla ya kugusa mkasi, tandaza juu ya blanketi kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, bandika pasi, hesabu hadi 10, inua, hamia pengine. Usiburute. Unywele wa sufu una magamba madogo ambayo hung'ang'aniana yakipata joto, maji na msuguano kwa pamoja, na ni heri nguo isinyae sasa kuliko baada ya kushonwa.

Kibweta (Limuru)

Hesabu ya mwenzangu ni sahihi; mimi nitasema la bitana. Bitana nzima ndani ya blanketi naiona uzito wa bure. Weka ya mabegani tu, ifike usawa wa makwapa, maana hapo ndipo sufu huwasha na kunasa blauzi. Joho langu la kwanza nililitia bitana nzima na kuifunga kwenye upindo. Baada ya wiki mbili blanketi lilikuwa limeshuka kwa uzito wake, bitana haikushuka, na pindo lote likatuna kama andazi. Tangu hapo, kila joho hulitundika mchana na usiku kabla ya kulipinda, halafu humwomba mtu asimamishe kijiti sakafuni na kunizungushia alama za chaki kwa kimo kimoja, kwa kuwa sehemu zilizokatwa kimshazari hulegea kuliko nyingine.

Nimefurahi pia kwamba umeliita joho, kwani neno hilo lilitumika Pwani hata kwa kitambaa chenyewe kizito cha sufu. Na ni sufu, si sufi. Sufi hutoka kwenye mti wa msufi, ni ya kujazia mito.

Uzi Mweupe (Njombe)

Ahsanteni sana. Nyuzi nimezichoma: harufu ni ya nywele kabisa na majivu yanasagika, lakini ndani yake kuna vishanga vidogo kama mbegu za mchicha. Pasi yangu ni ya mkaa. Je, niendelee?

Chaki na Rula (Lushoto)

Endelea, dada. Hiyo ni sufu iliyochanganywa, nayo hushoneka vizuri. Kinachobadilika ni joto. Pasi ya mkaa haina kipimo, kwa hiyo ianzie kwenye kile kipande cha pembeni ulichokwisha kukiharibu, huku kitambaa kibichi kikiwa katikati. Ukiona sehemu iliyopigwa inang'aa, acha ipoe kwanza, kumwaga mkaa mmoja au miwili hakutakugharimu kitu.