MJADALA: Kulipia "kusafishiwa linki chafu" ni akili au ni kupigwa?

Mtoa mada
Wakuu, kuna biashara imeshamiri hapa Dar. Fundi anakuletea ripoti ndefu, nusu yake nyekundu: tovuti za kamari, za dawa za nguvu za kiume, za lugha ambazo hata huzitambui, zote zimeweka linki inayoelekea tovuti yako. Anakwambia hizo ndizo zinazokushusha Google, kisha anataja bei. Mwenye duka la vipuri Gerezani anaona nyekundu tu, anaingia mfukoni. Upande wa pili wapo wanaosema Google inazipuuza yenyewe, usiguse kitu.

Maswali yangu mawili. Zisafishwe au ziachwe? Na mwenye tovuti iliyobeba linki akitaka hela ndipo aiondoe, apewe?

Fundi wa Sinza
Walio wengi wanapigwa, tuseme ukweli. Ile alama ya "sumu" kwenye ripoti inakokotolewa na programu ya kampuni binafsi. Google haina alama hiyo na haiisomi.

Hofu yenyewe ni ya zamani. Aprili 2012 Google ilitoa Penguin, mfumo wake wa kukamata linki za hila, na kweli tovuti zilizonunua linki zilianguka vibaya. Oktoba mwaka huohuo ikaleta zana ya kukana linki, yaani kuiambia Google isizihesabu. Lakini Septemba 2016 Penguin 4.0 ilibadili mchezo: badala ya kuishusha tovuti nzima, inaiondolea thamani ile linki chafu. Desemba 2022 wakaongeza SpamBrain, mfumo wao wa akili bandia wa kunasa takataka, kwenye kazi hiyohiyo. Takataka ambayo hukuiweka wewe, mfumo unaiona na kuiruka.

Kabla hujatoa senti, ingia Search Console (zana ya bure ya Google kwa wenye tovuti), shuka chini ya menyu kwenye sehemu ya usalama na adhabu zinazotolewa na mtu wa Google. Kama hakuna adhabu yoyote na hujawahi kununua linki, huna kazi ya kufanya. Biashara imeshuka? Tafuta kwingine: ukurasa unafunguka taratibu, bei zimepitwa na wakati, mshindani ameandika vizuri kuliko wewe.

Mzee wa Logi
Fundi, hapo umekata kona. Maelekezo ya Google yana masharti mawili kwa pamoja: uwe na linki nyingi za hila, NA ziwe zimeleta adhabu au zina dalili ya kuileta. Hilo la "dalili" umelimeza.

Dalili zinaonekana kwa macho. Chukua kampuni ya utalii. Maneno yanayobeba linki kwa kawaida huwa mchanganyiko: jina la kampuni, anwani ya tovuti, "bofya hapa", jina la mtu. Ukikuta tovuti 200 zisizojuana zote zimeandika "safari za bei nafuu Tanzania" herufi kwa herufi, hiyo haikutokea yenyewe, kuna mtu alilipwa. Mara nyingi ni fundi wa awali, na mwenye kampuni hana habari. Huyo asisubiri adhabu.

Kundi jingine ni wanaonunua domeni (jina la tovuti) iliyowahi kutumika. Jina zuri, fupi, kumbe miaka mitatu lilikuwa la kamari. Kabla ya kulipa, litazame Wayback Machine, hifadhi ya sura za zamani za tovuti. Ukishanunua, ule mzigo ni wako.

Bi Seva
Mnabishana kuhusu linki zinazoingia, lakini hamjauliza zinaelekea ukurasa upi. Hapo ndipo ripoti nyingi zinasomwa vibaya.

Pakueni orodha, mpange kwa ukurasa unaolengwa. Ikiwa linki za kamari zinaelekea /slot-kitu-fulani na wewe unauza vitenge, basi tovuti yako imeingiliwa. Mtu amepanda kurasa zake ndani ya seva yako na anazilisha linki kutoka tovuti nyingine alizozivamia. Kukana linki hapo hakusaidii chochote, mlango uko wazi.

Tafuteni Google kwa site: mkifuatisha domeni yenu na neno slot au casino. Kwenye WordPress (programu ya kuendeshea tovuti), kagueni wp-content/uploads, humo zinakaa picha na nyaraka, faili la .php (la programu) humo ni la kushukiwa mara moja. Kagueni .htaccess (faili la mipangilio ya seva) na orodha ya wasimamizi. Na jambo linalosahaulika: ingieni Search Console mwangalie nani wamethibitishwa kuwa wamiliki. Mvamizi hupenda kujiandikisha humo, na ukimfuta bila kuondoa faili lake la uthibitisho kwenye seva, anarudi. Plagini (programu za nyongeza za WordPress) za kulipiwa zinazogawiwa bure kwenye makundi ya WhatsApp ndizo mlango mkubwa.

Mkishafuta, kurasa hizo zijibu 404 au 410, yaani "ukurasa haupo". Linki inayoelekea ukurasa usiokuwepo haihesabiwi. Msizielekeze zote ukurasa wa mwanzo "zisipotee", mtakuwa mnaukaribisha uchafu sebuleni.

Mtoa mada
Bi Seva, asante, hilo sikuwa nimeliwaza. Mzee wa Logi, basi huyo mwenye linki 200 za kununua aanzie wapi?

Mzee wa Logi
Aanze na zinazoweza kutolewa. Search Console, ripoti ya linki, apakue orodha. Apitie domeni moja baada ya nyingine, kwa macho, asiiachie programu. Kila yenye shaka aandike kwenye jedwali: domeni, alimwandikia nani, tarehe gani, jibu gani. Barua iwe fupi: ukurasa linki ilipo, linki yenyewe, ombi la kuiondoa. Usitishie sheria, wanaotishwa hawajibu. Baada ya wiki moja kumbusha mara moja.

Zinazobaki ndizo za kukana. Faili ni maandishi matupu, .txt, namna hii:

# Tumewaandikia mara mbili, hawajajibu
domain:takataka.example
https://gazeti.example/habari/linki.html

Mstari wa alama ya reli ni kumbukumbu yako, Google haiusomi. Mstari wa domain: unakana tovuti nzima, wa tatu unakana ukurasa mmoja tu. Mwisho mistari 100,000 na ukubwa wa MB 2.

Kama adhabu ilishatoka, tuma na ombi la kupitiwa upya: eleza nini kilifanyika, weka lile jedwali. Anayesoma ni mtu. Ukikana kila kitu bila kuonyesha kwamba ulijaribu kuziondoa, ombi linaweza kukataliwa, wamelisema wazi hilo. Jibu la ombi la linki linaweza kuchukua wiki kadhaa.

Fundi wa Sinza
Sawa, kwa aliyenunua nakubali. Ila niongeze pale mafundi wanapoharibu, maana ndipo pesa ya mteja inapogeuka sumu ya kweli.

Wanaandika domain:https://www... badala ya jina tupu la domeni. Wanaandika faili kwenye Word, linajaa alama za ajabu. Wanaweka njia ya folda wakidhani inakana kila kilicho chini yake. Haikani, ni ukurasa mmoja au domeni nzima. Wanakwama kwenye Search Console kwa sababu tovuti imesajiliwa kwa aina ya domeni nzima, na zana hii haiikubali aina hiyo. Sajili tena kwa anwani kamili yenye https. Na kubwa kuliko zote: faili jipya linafuta la zamani. Ukitaka kuongeza tovuti tano, pakua lililopo, ongeza, ndipo upakie. Ukipakia tano peke yake umebaki na tano.

Mwingine anakana kila chenye alama nyekundu, kumbe ndani yake kuna gazeti na chuo vilivyomtaja mteja kwa haki. Hizo zilikuwa zinambeba. Kuzirudisha ni kuzitoa kwenye faili na kungoja Google izipitie tena kurasa hizo, wiki hadi miezi.

Mwandishi wa Tabata
Swali la pili mmelikwepa. Mimi nipo upande wa wenye blogu. Kampuni ililipia makala yenye linki, makala ikaandikwa, ikawekwa. Miaka miwili baadaye wanataka ifutwe leo leo, bure. Kutafuta makala, kuhariri, kujibu barua ni kazi. Ada ndogo ina ubaya gani?

Mzee wa Logi
Kaka, ukitoza ada unampa mteja sababu ya kukukana wewe mzima. Kuandika domain: na jina lako hakumgharimu kitu. Halafu ombi lako liko kwenye jedwali lake, "ametaka hela", na jedwali hilo linakwenda Google.

Wala huhitaji kufuta makala. Tangu Septemba 2019 kuna rel="sponsored", alama ya kuandika kwenye msimbo wa linki iliyolipiwa. Fungua makala, kwenye linki hiyo ongeza neno hilo, hifadhi. Dakika mbili. Msomaji bado anabofya, makala yako inabaki, na mteja hana tena linki ya hila. Ungeiweka siku ya kwanza, barua hiyo isingeandikwa.

Mwandishi wa Tabata
Kwa iliyoandikwa na mimi, nimekubali. Lakini tovuti iliyojaza linki 5,000 za wizi na kudai dola kwa kila moja ni kesi nyingine.

Bi Seva
Huyo asipewe hata shilingi. Akilipwa atakuwekea nyingine mwezi ujao. Mstari mmoja wa domain: unamaliza zote 5,000.

Mtoa mada
La mwisho: na Bing, mtafutaji wa Microsoft, je? Na mteja atajuaje kazi imefanyika?

Fundi wa Sinza
Bing walishaiondoa zana yao ya kukana mwaka 2023, hakuna cha kupakia.

Kwa mteja, mwambieni mapema: linki zilizokanwa zinaendelea kuonekana kwenye ripoti ya Search Console. Zipo bado mtandaoni, Google haizihesabu tu. Asipoambiwa atafungua mwezi ujao, azione zote palepale, na ndipo simu zinaanza usiku. Cha kumkabidhi ni lile faili la .txt, jedwali la barua, na nywila zake.