Afya ya dunia kwa madaktari wanaosomea ubingwa: tuanzie wapi?

Rezidenti_Upanga: Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili wa MMed, yaani rezidenti, daktari anayesomea ubingwa, magonjwa ya ndani, hapa Dar. Idara imeniomba nipendekeze jinsi ya kuingiza afya ya dunia (global health), yaani afya inayovuka mipaka ya nchi, kwenye mafunzo yetu. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wakisoma somo hili hupanda ndege, wengine wanafikia wodini kwetu, wiki chache wameondoka. Sisi tunaoishi humu humu tufundishwe nini? Sitaki iwe slaidi za saa nane mchana kwa watu waliokesha zamu.

Mganga_Mkongwe: Mdogo wangu, anza na homa ya dengi. Mlipuko wa 2014 ulinikuta intani, daktari mpya wa mafunzo kazini, wa 2019 ukanikuta rezidenti. Nakumbuka kijana mmoja wa Buguruni: homa siku ya tano, kipimo cha malaria hasi, na bado alikuwa ameshamaliza dozi ya dawa mseto. Alipona, nikamruhusu. Sikumuuliza kwao wanahifadhi wapi maji. Mbu wa dengi anauma mchana, chandarua cha usiku hakimgusi, na anazaliana kwenye ndoo, pipa, tairi bovu lililotupwa uani. Bomba likikauka siku nne, mama ataacha kujaza pipa? Kirusi chenyewe kinasafiri na abiria, hakisubiri viza. Mfundisheni rezidenti kuyauliza hayo akiwa kitandani kwa mgonjwa. Mimi sikufundishwa.

Nesi_wa_Pembezoni: Madaktari, shikamooni. Mimi niko zahanati, ukishapita Pugu. Nikiandika rufaa, majibu hayarudi. Mgonjwa wa presha anarudi na dawa ambayo ngazi yetu hatuletewi, anakaa bila dawa, mnampokea tena akiwa amepooza upande. Waje wakae kwetu wiki mbili wafanye kazi. Wasije kukagua.

Rezidenti_Upanga: Marahaba, dada. Hayo majibu yasiyorudi yamenichoma. Juzi nimemruhusu mama mmoja wa presha, karatasi nimeiandika Kiingereza kitupu, dawa sikuangalia kama kwao ipo. Basi pendekezo langu ni hili: kila rezidenti amfuate mgonjwa mmoja aliyemruhusu hadi zahanati ya kwao, na mgeni wa kutoka nje akiwepo waongozane. Mnaweza kupokea wangapi kwa mkupuo?

Nesi_wa_Pembezoni: Wawili, chumba ni kimoja. Waje Jumanne, ndiyo siku ya presha na sukari.