Mliofundisha mashairi ya Mĩcere Gĩthae Mũgo, tupeane uzoefu

Chaki Nyeupe: Shairi la Mkenya huyu, "Where Are Those Songs?", limerudi darasani na watoto wanalisoma kama barua ya benki. Ninyi mnalifundishaje?

Mzee wa Jukwaa: Kulisoma kimya ni kuliua. Mama huyu hata kwenye mhadhara aliwafundisha wasikilizaji kiitikio kwanza, ndipo aanze. Gawa darasa makundi mawili: moja libebe swali linalojirudia, la pili lijibu kwa kazi zinazotajwa, yaani kuvuna mahindi, kupura mtama, kuogesha watoto, kubeba kuni. Makofi yafuate kazi. Ya kupura ni mazito, ya pamoja. Penye kubembeleza mtoto hayapigwi kabisa. Kinachoharibu ni kasi: wakishaushika mdundo wanakimbia, na pale anapokiri kuwa ameusahau wimbo wa mama yake panapita hapasikiki. Hapo zima makofi yote, ibaki sauti moja. Binti anapoambiwa aimbe wake, rudisha makofi.

Mama Tunu: Naam, kasi ndiyo adui.

Kinyonga: Penye chungu na moshi, mmoja akohoe. Watacheka lakini hawatasahau.

Mzee wa Jukwaa: Asikohoe! Moshi umewekwa kwenye mabano; sauti ishuke, imezwe. Vichekesho peleka kwingine.

Mkosoaji: Profesa wa Kiingereza anaimbisha watu. Haya.

Bwana Faharasa: Kiingereza kipi? Alipoanza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1973, idara ya Kiingereza ilikuwa imeshapisha idara ya fasihi, tunda la waraka wa 1968 wa Ngũgĩ, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong, uliotaka idara ya Kiingereza ifutwe. Na Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, alikofundisha toka 1993 mpaka kustaafu 2015, alikuwa idara ya masomo ya Wamarekani Weusi.

Mkosoaji: Digrii ya Makerere 1966, kisha New Brunswick, Kanada, hadi udaktari. Alisomea kilimo?

Upepo wa Kusi: Mnagombania kibao cha mlangoni, na mwenyewe alifukuzwa na nchi nzima! Mwaka 1980 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa kitivo pale Nairobi. 1982, baada ya jaribio la mapinduzi, akakimbia na binti zake wawili. Serikali ikampokonya uraia, Zimbabwe ikampa wake. Akafundisha Harare, halafu Marekani, akafia Syracuse tarehe 30 Juni 2023.

Mama Tunu: Na watoto wawili mkononi! Mwongozo wa mtihani hausemi hayo.

Bwana Faharasa: Ila msichanganye. Shairi hilo limo kwenye diwani yake *Daughter of My People, Sing!* ya 1976, miaka sita kabla ya kukimbia. Mwanafunzi akijibu kuwa ni kilio cha uhamishoni, amekosa.

Kinyonga: Mkiigiza *The Trial of Dedan Kimathi*, tamthilia aliyoandika na Ngũgĩ, mkate ambamo yule Mwanamke anaficha bunduki uwe mzima. Haifichiki kwenye silesi. Na bango liandike majina mawili. Wengi humwacha Ngũgĩ peke yake.

Chaki Nyeupe: Jamani, kipindi ni dakika 40.