Naomba ushauri: kijana ninayemlea amebadilika, sijui kama ni ujana au ni dalili mbaya

Mama Mdogo wa Gungu: Habari za jioni, wana jukwaa. Ninaishi Gungu, hapa Kigoma, na ninamlea mtoto wa marehemu dada yangu, aliye kidato cha tatu. Tangu shule zifunguliwe amekuwa mkimya, mpira ameacha, na akiulizwa anajibu kwa mkato. Nimepanga kumpeleka kwa bibi yake Kasulu akatulie. Je, nakuza jambo dogo?

Mvuvi wa Kibirizi: Dada, huo ni ujana. Katika umri huo nilikosana na baba, nikahamia kambi ya dagaa msimu mzima, na leo nina familia yangu.

Bi Mkubwa Ujiji: Mnyang'anyeni simu na mumrudishe madrasa. Vijana wa sasa hawana wa kuwakemea.

Mwalimu Mstaafu: Nimefundisha wakimya wengi ambao hawakumgusa mtu. Lakini hakuna amhamishaye mtoto katikati ya muhula kwa sababu ya ukimya. Mama, kuna jambo hujalisema.

Mama Mdogo wa Gungu: Ni kweli. Binti yangu wa darasa la sita amenieleza kwamba kaka yake alimwonya asipite karibu na shule yao Jumatatu, kwa kuwa kuna mtu atamlipa. Chini ya godoro nimekuta kisu kilichonolewa pande zote mbili, mpini umezungushiwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Nimekificha. Nikienda polisi atafukuzwa shule, ndiyo maana naona Kasulu ni nafuu.

Msomaji wa Mwanga: Samahani, naona hii ni chai. Mambo haya ni ya Marekani, si ya kwetu.

Mwalimu Mstaafu: Hata ikiwa chai, jibu litamfaa mwingine. Huko Marekani, baada ya mauaji ya shule ya Columbine mwaka 1999, wachunguzi walipitia mashambulizi 37 ya shuleni, na ripoti yao ya mwaka 2002 ilisema kwamba mshambuliaji hana sura moja: walikuwamo hata wenye alama nzuri na marafiki. Kilichojirudia ni kwamba katika matukio kama manne kati ya matano kulikuwa na mtu aliyejua mapema, na karibu wote waliojua walikuwa rafiki, mwanafunzi mwenzao au ndugu. Wengi wa washambuliaji walijiona wameonewa. Kwa hiyo ukimya na mpira viweke kando. Pima maneno aliyomwambia binti, kisu, na siku aliyoitaja. Anayetaka kumlipa ni nani?

Mama Mdogo wa Gungu: Ni mvulana wa kidato cha nne aliyemvua shati mbele ya wenzake, akampiga picha, na picha ikasambaa. Natamani ingekuwa chai.

Muuguzi wa Katonga: Dada, Kasulu haitaiondoa hasira hiyo, na huyo mvulana mwingine atabaki bila kuonywa. Mpigie mkuu wa shule leo hii, umwone na afisa ustawi wa jamii. Simu ya watoto ni 116, haina malipo. Kisha muulize mwanao waziwazi, bila kumgombeza, kama anakusudia kumdhuru mtu.

Mama Mdogo wa Gungu: Nimempigia. Kesho asubuhi atakuja nyumbani na mwalimu wa malezi. Nahofia kijana akijua nani amesema, hatamwamini tena mdogo wake.

Mwalimu Mstaafu: Kisu umekikuta wewe mwenyewe, kwa hiyo anza na hicho, binti asitajwe. Na suala la picha lizungumzwe katika kikao hichohicho, kwa sababu mwanao naye ametendewa kosa.